Bolti Nyekundu kwenye Landrova ya Mzee Yohana

Mume wangu haongei. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametokana nalo. Adelino anaweza kuinama juu ya injini tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na maneno yote aliyoyasema ukayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja: lete, shika, vuta, basi. Watu wanasema ni mpole. Mimi niliyeolewa naye najua kwamba upole ni kitu kimoja na kufunga mdomo ni kitu kingine. Mwanamume akifunga mdomo, mke ana haki ya kujiuliza kimefichwa nini humo.

Kwao ni Mahurunga. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita vya kule, yeye akazaliwa upande huu, akasoma huku, akabatizwa huku. Lakini mtu akikorofishana naye hata kwa jambo la pancha atamwita Mmozambiki. Mimi kwetu Kilambo, kwenye mpaka huohuo, damu ni ileile, ila mimi ukiniita hivyo nakujibu kwa Kimakonde na hutaomba nikutafsirie. Yeye anafuta mikono kwa tambara, anaendelea na kazi. Mama yake, bibi Conceicao, huniambia kwamba hata alipokuwa mtoto alikuwa akipigwa na wenzake haji kushtaki. Nikamwambia, mama, kumbe uliniuzia mzigo unaujua.

Gereji yetu iko Magomeni, kiwanja cha kukodi chini ya mti wa mkungu. Ufundi wake unasifiwa, na wateja wake wengi ni walimu na wastaafu wa bandarini, watu wanaojuana kanisani na misibani. Ukimridhisha mmoja umewapata wote, na ukimuudhi mmoja ndiyo hivyo tena. Mimi nipo pembeni na jiko langu, nakaanga mihogo. Kigoda changu ni kifupi, kwa hiyo ninachokiona zaidi siku nzima ni magurudumu na miguu ya watu. Sura ya mtu inaweza kukuchekea, lakini miguu ikiwa na jambo utaiona tu.

Adelino ana desturi moja ambayo mafundi wenzake wanaicheka. Kila bolti anayoiongeza yeye, ambayo gari halikuja nayo kutoka kiwandani, anaipaka rangi nyekundu. Ana kopo lake la rangi na brashi iliyochakaa. Anasema fundi atakayekuja kulifungua gari hilo baadaye ajue kipi ni cha gari na kipi ni cha Adelino. Ukipita mjini ukaona gari limeinuliwa na chini yake kuna vidoa vyekundu, ujue limepita kwetu. Mjini kote mafundi wanalijua hilo.

Sasa Mzee Yohana. Huyu ni mtu wa Mbeya, aliletwa Mtwara na kazi ya bandari akiwa kijana, akaendesha malori, kisha mitambo ya kunyanyulia makontena, mpaka akastaafu. Alirudi kwao mara moja tu kuoa. Mke wake ni Mwalimu Esta, bado anafundisha shule ya msingi. Mzee alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, tangu ashike usukani hajapata kumgusa mtu wala kugonga hata kuku. La pili, msemo wake: mwenye macho haambiwi tazama. Ukimwonyesha kitu, msemo huo. Ukimwelekeza njia, msemo huo. Hata kwenye kamati ya mazishi aliusema.

Alipostaafu alinunua shamba Mahurunga, analima mpunga na ufuta, na kwa safari za shamba ana Landrova ya zamani, ile ndefu ya milango mitano, rangi ya maziwa yaliyokaa. Injini yake ilikuwa imechoka. Masika ikibeba magunia kwenye ule udongo wa huko, ilikuwa inalia mpaka unaionea huruma. Siku moja kijana wa bodaboda alimpita kwenye mwinuko huku amebeba mama, mtoto na ndoo, akageuka akampungia mkono. Hilo nadhani ndilo lililomuuma mzee kuliko tope lote.

Akaja kwetu anataka tuing'oe injini ile na kuweka ya Landkruza, silinda sita, aliyokuwa ameiagiza Dar es Salaam. Alisema anataka gari lenye hasira. Mimi kwenye kigoda changu nikaguna. Mstaafu, wajukuu anao, anataka kukimbilia wapi? Mpunga haukimbii. Nikajiambia huko Mahurunga kuna mtu anasubiriwa, na mtu huyo si gunia.

Injini ikaja kwenye lori, imefungwa kwa kamba kama mbuzi wa sadaka, na kazi ikaanza. Ile ya zamani ikanyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo, ikalazwa pembeni. Mpya ikateremshwa na ikagoma kukaa, ni ndefu mno. Adelino akakata vyuma na kuchomelea vingine vya kuikalisha. Akachongesha sahani nene ya kuiunganisha na giaboksi ya zamani, akabadilisha rejeta, akatengeneza breki upya, maana alisema nguvu bila breki ni ugomvi. Kila bolti aliyoiongeza ikapata nyekundu yake. Nilikuwa naona fahari, sitaficha. Kazi kama ile haifanywi na kila mtu.

Hapo katikati ndipo Mwalimu Esta alipoanza kuja.

Alikuja mchana, peke yake, madaftari ya wanafunzi kwapani. Akanisalimia vizuri, habari za kazi mama Telma, nikamwitikia. Nikadhani ananunua mihogo. Akapita moja kwa moja, akamwita mume wangu nyuma ya gari. Mimi nikaona miguu tu, viatu vya mwalimu vya kufunga na kandambili za Adelino, vimekaribiana mno. Wakaongea kwa sauti ya chini muda mrefu. Adelino! Yule wa lete na shika! Mwalimu alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniaga bila kunitazama.

Nikamuuliza mume wangu kulikoni. Akasema ni mambo ya gari. Nikamwambia gari ni la mumewe, kwa nini mambo yake yanaongelewa na mke, na kwa nini yanaongelewa nyuma? Akachukua spana. Mwalimu akaja tena siku nyingine, safari hii na sambusa zimefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Zilikuwa tamu, na utamu huo ndio ulionichoma zaidi. Mwanamke hapiki hivyo kwa ajili ya fundi wa gari. Mimi Dalila sijasoma sana lakini hilo ninalijua.

Gari likaisha. Mzee akaja kulichukua kwa furaha, akakataa mtu mwingine asiliwashe. Likanguruma vizuri mpaka majani ya mkungu yakadondoka. Akatoka nalo akipiga honi. Na hapa kuna jambo nililiona nikaliweka moyoni: Adelino alimkimbilia kumfungulia mlango wa dereva, akaufungua wote, akasimama pembeni akisubiri. Si kawaida yake. Fundi wangu hamfungulii mtu mlango, hata padri. Nikasema moyoni, huyu ana deni na mzee huyu. Ukimwona mtu anamnyenyekea mume, kamuulize mke.

Haikuchukua muda mzee akarudi, uso umekunjamana. Gari linaondoka vizuri, akasema, gia ya kwanza na ya pili halina tatizo, lakini likianza kukolea linafika mahali linakataa. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho, haliongezi. Adelino akasikiliza, kisha akasema, "Injini haina tatizo, mzee." Alisema akiangalia chini, kwenye miguu ya mzee, akaufungua tena mlango wa dereva mpaka mwisho na kusimama pale kama bawabu. Mzee akapanda, akatia gari moto, akaondoka anang'aka.

Akarudi tena. Na tena. Kila mara maneno ni yale, injini haina tatizo, na kila mara mlango unafunguliwa wazi. Mzee akaanza kusema mitaani kwamba ametapeliwa. Kwamba injini aliyoileta ni nyingine na aliyofungiwa ni nyingine. Wiki hiyohiyo Adelino alikuwa amekwenda Kilambo kuleta mchele wa kwetu, akarudi na gunia nyuma ya pikipiki. Basi hadithi ya wizi ikapata mguu wa kutembelea: yule Mmozambiki kaivusha injini usiku, kaiuza ng'ambo, kamwekea mzee wa watu kitu cha kufia njiani. Injini ya silinda sita, kwenye pikipiki, ndani ya gunia la mchele! Lakini uongo haujali uzito.

Wateja wakaanza kupungua. Nesi Doris alikuja kuchukua gari lake halijafungwa hata magurudumu, akalivutisha kwa kamba. Mzee mwingine wa bandarini alipita akanisalimia mimi tu. Kisha Mudi, mwenye kiwanja, akatuma neno kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ila mwizi hamtaki kwake, na kama maneno ya Mzee Yohana ni kweli tutafute pengine pa kwenda. Pengine wapi? Fundi akishaitwa mwizi hana pengine. Spana hazisemi, injini hazisemi, na fundi mwenyewe ndiye yule.

Asubuhi moja nikamkabili kabla hajatoka nyumbani. Nilimwambia baba Telma, leo utaongea au nitaongea mimi mtaani kwa niaba yako. Akaendelea kufunga kamba za viatu. Nikamuuliza kama ameibadilisha injini. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama anajua kwa nini gari halikolei. Akakubali kwa kichwa. Basi mwambie mwenye gari! Akasema, "Nimempa mwalimu neno langu."

Jamani. Nilihisi kama mafuta ya jiko yamenimwagikia kifuani. Kuna maneno gani mwanamume anampa mke wa mtu, mpaka akubali kufukuzwa kiwanjani kuliko kuyasema? Nikamuuliza hivyohivyo, na kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kutega sikio. Yeye akasimama, akasema kitu ambacho sikukielewa hata kidogo. "Mzee akiona mwenyewe, nitasema."

Nikalia, ndiyo. Nililia kwa hasira, nikaichukua ile sahani ya sambusa iliyokuwa bado kwangu, nikakusudia kuirudisha kwa mwalimu mbele ya watu. Moyo wa mtu ni msitu, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuokota kuni humo.

Sikuhitaji kwenda. Jumamosi Landrova ikaingia kiwanjani yenyewe. Mzee Yohana kwenye usukani, Mwalimu Esta pembeni yake amejikunyata, na nyuma Stefano, fundi wa upande wa sokoni, aliyeletwa kuikagua kazi ya mume wangu. Mudi alikuwa ameshafika, amesimama mikono nyuma. Watu wakajaa kama ilivyo kawaida yetu. Wengine walinunua mihogo ili wawe na sababu ya kusimama. Niliwauzia. Adelino akaenda akaufungua mlango wa dereva, mpaka mwisho, mzee akashuka bila kumtazama.

Boneti likafunguliwa na wote wakaenda mbele. Stefano si rafiki yetu, na nilijua amekuja kututia kitanzi. Alisikiliza injini ikiunguruma, akainama, akapapasa, akasoma namba iliyochongwa ubavuni, akaangalia zile bolti nyekundu moja baada ya nyingine. Akachukua muda wake wote. Mwisho akafuta jasho na kusema, kwa shida kama mtu anayetoa mwiba, kwamba injini ndiyo ileile iliyoletwa, ni nzima, na imefungwa vizuri.

Mzee Yohana hakutulia. Akasema basi kimeibwa kitu ndani, pampu imechezewa, kuna kitu. Akasema yeye amenyanyua makontena miaka yote hiyo bila kukwaruza hata moja, hawezi kufundishwa gari na mtu aliyekuja kwa mtumbwi. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Huyu ni mwizi, na leo anaondoka hapa."

Mudi akamgeukia mume wangu. Akamwambia fundi, jitetee, maana mimi natakiwa kuamua. 

Adelino alikuwa anafuta mikono. Alimtazama Mwalimu Esta, aliyekuwa bado amekaa garini. Nami nikamtazama mwalimu, maana nilikuwa nikivizia hilo tu, macho yao yakutane nipate ushahidi wangu. Lakini mwalimu hakuwa akimtazama mume wangu. Alikuwa amekodoa macho chini, upande wa dereva, sakafuni.

Nikafuata macho yake. Mlango ulikuwa wazi, jua la saa sita linaingia moja kwa moja, na kigoda changu mnakijua. Sakafu ya Landrova ile ni chuma kitupu, haina zulia wala mpira. Chini ya pedeli ya mafuta ilikuwa imesimama bolti, nene kama kidole gumba changu, imefungwa kwa nati, imeizuia pedeli isishuke zaidi ya nusu. Na ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kopo letu, imepakwa mpaka kichwani, inang'aa kama pilipili kwenye sinia.

Nilielewa nusu. Nilielewa kwa nini gari halikolei. Nilielewa kwamba kitu kile kimewekwa na mume wangu, na kwamba hakukificha. Nusu nyingine sikuielewa, lakini mimi si mtu wa kusubiri nusu ya pili wakati mume wangu anaitwa mwizi. Nikasimama na mwiko mkononi. Nikasema, "Mzee Yohana, rudi hapa mlangoni. Angalia pale unapoweka mguu."

"Dalila, nyamaza," mume wangu akasema. Haniiti Dalila. Mimi ni mama Telma tangu mtoto azaliwe.

Sikunyamaza. Nikamwambia tena, mzee, angalia. Akaja, kwa dharau, akainama mlangoni, mkono mmoja juu ya kiti. Mudi naye akaja nyuma yake, akaiona palepale, nilimwona akishtuka. Stefano akaiona kutoka mbali, akaguna. Kina mama waliokuwa wanakula mihogo wakaiona. Mzee akaangalia. Akaangalia sana. Akageuza kichwa huku, akakigeuza kule.

"Naangalia nini?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Watu wa Magomeni wanacheka mpaka msibani, lakini pale hakuna aliyecheka. Mwalimu Esta akashuka upande wake, akazunguka gari akiwa ameshika bampa, akaja akasimama karibu na mumewe.

"Baba Nuru, ni mimi," akasema. "Nilimwomba fundi apunguze mafuta, usiweze kukimbia. Ile siku tunatoka shamba, uliposema tumegonga tawi. Halikuwa tawi. Alikuwa mtoto na mzigo wake wa kuni, ulizigonga kuni kichwani mwake. Mungu alimnusuru. Wewe ukaniambia hawa watu hawakati matawi yao."

Mzee alikuwa bado ameinama. Mwalimu akaendelea kwa sauti ndogo, akasema chai anaimimina nje ya kikombe, kanisani anawatambua watu kwa sauti zao tu, na yeye amekuwa akinyamaza kwa kuwa hakujua mke anamwambiaje mwanamume aliyeishi kwa macho na miguu kwamba macho yamekwenda. Nikataka kumwambia kwamba mtu asiyeona akienda taratibu bado haoni, na kwamba sisi ndio tulikuwa tunalipishwa aibu yake. Nilikuwa nayo mdomoni. Mume wangu akanitangulia.

Aliongea Adelino. Watu waliokuwepo wanaweza kuapa. Alimwambia mzee, si mwalimu wala Mudi, na hakupandisha sauti.

"Mwalimu alitaka niifiche. Nilikataa. Nilimwambia nitaiweka wazi na rangi yangu, kama ninavyofanya siku zote, na sitamwambia mtu. Mzee akiiona yeye mwenyewe akaniuliza, palepale naing'oa, maana atakuwa anaona. Kila ulipokuja nilikufungulia mlango, mzee. Nilikuwa naomba uione."

Basi kumbe ndiyo ile milango. Nikakaa kwenye kigoda changu. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mlango ule siku zote hizo, anaitwa mwizi, wateja wanaondoka, kiwanja kinaondoka, anasubiri mzee mmoja aangalie chini. Nilimpenda na nilitamani kumpiga na mwiko, vyote kwa pamoja.

Mzee Yohana akapeleka mkono sakafuni. Ukapapasa kushoto, ukaipata pedeli, ukashuka, ukaigusa bolti. Vidole vyake vikaizunguka taratibu, juu mpaka chini kwenye nati, kama mtu anayenunua kitu sokoni na hataki kuharakishwa. 

"Umeipaka rangi gani?" akauliza.

Adelino aliinama kuitazama bolti. Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.  Aliyejibu ni Stefano, aliyekuja kututia kitanzi. Akasema kwa adabu kama anamwamkia baba yake, "Nyekundu, mzee."

"Nyekundu," mzee akasema.

Alinyooka. Akachomoa ufunguo, akautafuta mkono wa mume wangu hewani mpaka Adelino akausogeza, mzee akauweka ufunguo kiganjani mwake. Akasema hiyo bolti isitolewe kwanza. Akamwambia Mudi kwamba alichokisema juu ya fundi huyu kifutwe, na kwamba atakwenda kukifuta mwenyewe kila alikokisema, kanisani na bandarini, mmoja mmoja. Mudi akasema yameisha. Akaja kununua mihogo kwangu, nikampa iliyoungua.

Kisha mzee akasema, "Fundi, turudishe nyumbani."

Nikazima jiko, nikawaachia kina mama sinia langu. Watu walishangaa naenda wapi. Naenda wapi? Mume wangu anaendesha gari, na ndani yumo Mwalimu Esta na macho yake ya machozi. Neno lilikuwa limeelezwa na nilikuwa nimelielewa, lakini sambusa zile zilikuwa na kitunguu cha kukaangwa kwa subira, na mimi si mjinga. Nikapanda nyuma, nikakaa karibu na mwalimu kabisa, bega kwa bega. Akanishika mkono. Nikamwacha aushike.

Adelino aliliendesha polepole, gari likaenda kwa utulivu kama halijui limefungwa nini tumboni. Mzee alikuwa mbele, upande wa abiria, upande ambao hajakaa tangu gari lile liwe lake.  Mwalimu akaniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli mtoto wa jicho anatolewa, nikamwambia shangazi yangu alitolewa na sasa anatuona hata tusipotaka kuonwa. Akajaribu kucheka.

Tulipofika kwenye mwinuko mdogo kabla ya nyumba yao, bodaboda ikatupita ikipiga honi. Adelino hakuongeza mwendo. Nikatazama mbele katikati ya viti, kwa ile tabia yangu ya kuangalia miguu. Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umenyooka, umekaza, unakanyaga sakafu tupu ya upande wa abiria mpaka mwisho, pale pasipo na pedeli wala bolti ya kuuzuia.